Kwenda kambini na familia: kuku, bata, au wote wabaki nyumbani?

Watoto wakishampa kuku jina, kumwacha nyumbani wakati wa likizo kunageuka kesi. Hema likitolewa stoo tu, kuna atakayeuliza nani atamlisha, nani atamfungia usiku, na kwa nini mbwa wa watu huenda kambini lakini kuku hapana. Wazazi nao hugawanyika: mmoja anaona ndege wawili ndani ya tenga si mzigo wa kulalamikia, mwenzake anasikia tayari harufu itakayokaa ndani ya gari wiki nzima baada ya kurudi.

Wote wawili wana hoja. Ndege waliozoea watu husafiri vizuri kuliko wengi wanavyodhani, lakini kambi inayomfaa kuku inaweza kuwa mateso kwa bata, na inayomfaa bata ikamtesa kuku. Hapa nalinganisha njia tatu: kwenda na kuku, kwenda na bata, na kuwaacha nyumbani chini ya uangalizi wa mtu. Nazungumzia safari ya gari, ya kulala hema usiku mmoja hadi minne hivi, na ndege wachache wanaoshikika bila kukimbizwa uwanja mzima. Kundi la ndege ishirini halina mjadala, linabaki.

Tunapima kwa vigezo gani

Vigezo ni saba: safari yenyewe, maji, mchana wa kambini, usiku, hali ya hewa, afya, na namna ndege anavyokaa na watoto. Havina uzito sawa. Mvua unaweza kuikwepa kwa kuahirisha, na uchafu unafagilika. Maji na usiku ndivyo vinavyowavunja watu moyo, na hapo ndipo kuku na bata wanapoachana njia. Kwa kifupi, kuku humchosha mwenye kambi mchana, bata humchosha usiku. Ukijua ni saa zipi watu wa nyumbani kwako wana subira zaidi, umeshapiga hatua kubwa ya kuamua.

Yapo mambo yanayoweza kufunga mjadala kabla haujaanza. Hifadhi za wanyamapori kwa kawaida haziruhusu wanyama wa kufugwa, na kambi nyingi zinapoandika kwamba wanyama wanaruhusiwa, waliokusudiwa ni mbwa. Piga simu, sema waziwazi kwamba ni kuku au bata, na taja idadi. Uliza pia ofisi ya mifugo ya mnakotoka na ya mnakokwenda kama kuna zuio la kusafirisha ndege. Tangu aina ya sasa ya virusi vya mafua ya ndege, H5N1, ianze kusambaa mabara mengi kuanzia 2020 na 2021, mazuio huwekwa na kuondolewa kadiri mlipuko unavyokwenda, na kuku wawili wa watoto huweza kuguswa sawa na shehena ya mfanyabiashara.

Wapo pia ndege wasiofaa kwenda popote: kuku anayeatamia, anayepukutisha manyoya, aliyetoka kuugua, na vifaranga. Kifaranga wa kuku huhitaji wiki sita hivi mpaka manyoya yafunike mwili. Wa bata ni wiki saba hadi tisa, na kabla ya hapo malaika yake, yaani manyoya laini ya utotoni, hulowa upesi na kumtia baridi. Tena usimchukue ndege mmoja peke yake hata kama ndiye kipenzi cha wote. Hawa ni viumbe wa kundi. Wachukue wawili au watatu waliozoea kulala pamoja.

Safari

Kuku ni abiria mwepesi. Mtie kwenye tenga au kizimba kinachopitisha hewa, tandika maranda au nyasi kavu, funika kwa kitambaa chepesi, naye akiona giza atajikunyata na kutulia. Asubuhi ya safari asishindiliwe chakula. Maji mpe mkisimama, au mtupie vipande vya tango na tikiti njiani, maana bakuli la maji ndani ya gari linalotembea huishia kwenye matandiko.

Bata ana mambo zaidi. Kinyesi chake ni majimaji, kwa hiyo matandiko hulowa hata asipomwaga kitu, na harufu hupanda haraka. Weka mkeka wa mpira chini ya nyasi ili miguu isiteleze, kwa sababu miguu ya bata ni dhaifu na jeraha la hapo huchukua muda kupona. Kwa sababu hiyohiyo hainuliwi kwa miguu: mzungushie mikono yote miwili mwilini, mabawa yakiwa yamebanwa taratibu, uzito wake ukae kiganjani. Asipewe chakula kikavu bila maji kando yake, anaweza kukabwa. Safari ya zaidi ya saa mbili ina maana ya kusimama, kumnywesha, na kubadilisha matandiko.

Kwa wote wawili, gari lililofungwa juani ni hatari kubwa kuliko safari yenyewe. Ndani ya dakika kumi joto la humo huweza kupanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, na kuku ambaye mwili wake kwa kawaida una nyuzi 41 hadi 42 hana jasho la kumpoza. Kinga yake ni kuhema mdomo wazi na kuinua mabawa. Ukimwona hivyo njiani, simama hapohapo.

Anayebaki nyumbani hana safari, ila kuna jambo moja ambalo watu husahau. Ukiwachukua kuku wawili kati ya watano, ukirudi nao utakuta ngazi ya ubabe bandani imeshapangwa upya bila wao, na itapangwa tena kwa midomo. Ndege wa chini kabisa kwenye ngazi hiyo ndiye atakayeumia. Ama nenda nao wote, ama waache wote, au angalau usimwondoe mnyonge wao.

Maji

Kuku mmoja hunywa robo lita hivi kwa siku, na siku ya joto kali huenda maradufu. Dumu la lita tano linawatosha kuku wawili kwa siku tatu na mengine yakabaki. Anataka chombo kizito kisichopinduka, kilichowekwa usawa wa mgongo wake ili asijaze uchafu anapochakura. Basi, habari ya maji kwa kuku imekwisha.

Kwa bata ndiyo kwanza imeanza. Bata mkubwa hunywa hadi lita moja kwa siku, lakini kunywa ni sehemu ndogo ya mahitaji yake. Lazima apate maji ya kina cha kuzamisha kichwa chote, la sivyo pua huziba na macho huanza kutoa matongo. Mtazame anaposhushwa kwenye beseni baada ya safari: anazamisha kichwa mpaka macho yapotee, anapuliza mapovu kwa pua, anakiinua ghafla na kuyaacha maji yateremke mgongoni, kisha anasugua shavu kwenye tezi ya mafuta iliyo juu ya mkia na kwenda kujipaka bawa moja, halafu la pili. Hiyo ndiyo kazi inayoyafanya manyoya yake yasipitishe maji, na bata asiyepata nafasi ya kuifanya siku kadhaa huanza kuonekana mchafu na kulowa kama kuku. Maji ya beseni hilo yatakuwa tope kabla hujamaliza kukunja kiti. Beseni la lita nane likibadilishwa mara mbili kwa siku ni lita kumi na sita, bila kuhesabu ya kunywa usiku. Kama kambi ina bomba hatua chache kutoka hemani, hilo si tatizo. Kama maji mnayabeba kwenye gari, fanya hesabu kabla ya kuahidi watoto.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba kambi iko kando ya ziwa, sasa shida ya maji inatoka wapi? Hapo ndipo bata wengi wa nyumbani hupotelea. Bata akishaingia kwenye maji ya wazi hakuna anayemkamata mpaka aamue mwenyewe, na anaweza asiamue mpaka giza. Aina nzito kama Pekin haziwezi kuruka, kwa hiyo akifika katikati amekuwa windo. Maji yenyewe yana mambo yake. Ndege wa porini wa majini ndio wabebaji wakuu wa virusi vya mafua ya ndege, mara nyingi bila kuonyesha dalili. Maji yaliyotuama wakati wa joto, hasa penye samaki waliokufa, huweza kuwa na sumu ya botulizimu inayolegeza shingo ya bata mpaka asiweze kuinua kichwa. Mwani wa kijani-buluu nao una sumu. Halafu kuna masalia ya wavuvi: mishipi, ndoana, na chubwi za risasi ambazo bata humeza akidhani ni changarawe ya kusagia chakula kwenye firigisi. Uingereza ilipiga marufuku chubwi nyingi za risasi mwaka 1987 kwa sababu ya bata maji, wale ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu, waliokuwa wakifa kwa sumu hiyo. Kwa hiyo hata kando ya ziwa bata wako anaogea beseni, au dimbwi la plastiki la watoto, ndani ya ua.

Wakibaki nyumbani, hesabu inageukia upande wa mwangalizi. Kuku wanaweza kuwekewa vyombo viwili vikubwa na mtu akapita mara moja kwa siku kuvikagua. Bata watamtaka abadilishe maji kila siku, asubuhi na jioni, na kuvuta matandiko yaliyolowa. Kazi hiyo mwombe mtu unayejua ataifanya, na mwonyeshe kwa vitendo kabla ya kuondoka. Jirani anayesema atapita akipata nafasi anawafaa kuku zaidi.

Mchana kambini

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nao walikuwa wanamjua. Kuku akifunguliwa mahali pageni atakaa karibu nawe kwa muda, kisha ataanza kuchakura kuelekea hema la jirani. Atapanda mezani, ataingia kwenye mfuko wa mkate, na akishtuliwa na mbwa atakimbilia upande mmoja na mwenzake upande mwingine. Kamba yenyewe siipendekezi: huzungukia viti na vigingi, na kuku akiruka ghafla mguu unateguka. Kinachofaa ni ua wa wavu unaokunjika, wenye kifuniko cha juu kwa ajili ya mwewe, unaohamishwa mara moja au mbili kwa siku ili ardhi isichimbike. Aina nyepesi kama Leghorn huruka ua mfupi bila shida. Nzito kama Orpington na Cochin hutulia.

Kuku pia anataka kuoga vumbi, na jivu humvutia kuliko mchanga. Mahali pa moto pazungushiwe kitu mpaka papoe kabisa, maana kaa la jana usiku huweza kuwa hai chini ya jivu jeupe.

Mchana bata ni mwepesi kuliko kuku, jambo linalowashangaza wengi. Bata huswagwa. Watu wawili wakinyoosha fimbo au mikono pande mbili, kundi zima linatembea mbele yao kwa mstari mpaka linapoelekezwa. Wakishtuka hukusanyika badala ya kutawanyika. Hawapandi mezani. Wanachofanya ni kutoboa ardhi kwa midomo kila penye unyevu, kwa hiyo eneo la beseni hugeuka tope ndani ya saa chache. Weka beseni juu ya turubai lenye mteremko mdogo, mbali na njia ya watu.

Kwa kelele, angalia jinsia kwanza. Bata jike ndiye mwenye sauti kubwa, tena ya kubeba mbali. Dume sauti yake imekwaruza na iko chini. Bata aina ya Muscovy hawapigi kelele sana, huzomea kwa pumzi tu. Upande wa kuku, mtetea hutetea kwa dakika kadhaa baada ya kutaga na majirani huvumilia. Jogoo asiende. Huongozwa na saa ya ndani ya mwili wake na huanza kuwika kabla hata mwanga haujatokea, na hakuna kambi itakayokupokea mara ya pili.

Mayai, kwa wanaoyapigia hesabu ya kifungua kinywa: mkibahatika mtapata. Mabadiliko ya mahali huwafanya wengi wasimamishe kutaga kwa siku kadhaa.

Usiku

Hapa kuku analipa deni lote la mchana. Jua likizama haoni vizuri, na kinachobaki kichwani mwake ni kupanda juu ya kitu na kulala. Mradi umemtangulia. Ukichelewa mpaka magharibi atakuwa ameshachagua tawi la mti juu ya hema lako, na kumshusha huko ni kazi ya tochi na ngazi. Mwingize kizimbani wakati bado kuna mwanga, mpe ufito wa kushika au tandiko nene, funika pande zenye upepo. Atahamahama kidogo, atanung'unika sauti ya chini, kisha atanyamaza mpaka alfajiri. Udhaifu wake ni huohuo: gizani hajitetei kabisa. Kicheche au mbweha akipata nafasi ya kupitisha mguu, kuku hatapiga hata hatua.

Bata halali hivyo. Huona gizani vizuri kuliko kuku, husinzia vipande vipande, na kila anayepita kwenda chooni na tochi humwamsha. Watafiti walionyesha mwaka 1999 kwamba bata aina ya mallard waliolala pembezoni mwa kundi huacha jicho la upande wa nje wazi, nusu ya ubongo ikiwa macho. Mallard ndiye babu wa karibu bata wote wa kufugwa isipokuwa Muscovy, na tabia hiyo utaikuta hata kwa Pekin mnene aliyezaliwa uani kwako. Matokeo yake kambini ni bata jike anayetoa taarifa ya kila nyayo. Familia iliyopanga hema peke yake bondeni itaona ni mlinzi wa bure. Iliyobanana na hema nyingine itaomba radhi asubuhi.

Tena bata hapandi ufito, hulala chini, kwa hiyo sakafu ya kizimba lazima iwe imara na kavu. Usiku apate maji ya kunywa kwenye chombo chembamba chenye kina. Kama chakula kipo, maji yawepo, na kama maji hayapo, chakula kiondolewe.

Kuhusu kizimba cha usiku, wavu wa kawaida wa kuku humzuia kuku asitoke, haumzuii adui asiingie. Tumia wavu wa chuma wa matundu madogo, ya sentimita moja na robo hivi, wenye sakafu, na kufuli au komeo la hatua mbili, kwa sababu wanyama kama rakuni hufungua komeo jepesi kwa vidole. Wengine huwalaza ndege ndani ya gari, vioo vikiwa vimefunguliwa kidogo. Usiku wa baridi inafaa. Asubuhi wawe wametoka kabla jua halijagusa kioo. Hemani na watu sipendekezi, kwa sababu za afya nitakazozieleza.

Nyumbani, banda lao wanalijua na wataingia wenyewe, hasa kuku. Hatari iko kwenye mlango. Mwangalizi akisahau kuufunga usiku mmoja, safari yenu yote inakwisha kwa huzuni. Mlango unaojifunga wenyewe kwa saa au kwa mwanga huondoa hofu hiyo kwa kuku. Kwa bata haufai sana, kwa kuwa hawana haraka ya kuingia jua likizama. Mtu lazima awaswage.

Hali ya hewa

Mvua ya siku nzima ni sikukuu ya bata na adhabu ya kuku. Kuku aliyelowa akipigwa na upepo hupoteza joto upesi, na Silkie, ambaye manyoya yake hayazuii maji, ndiye wa kwanza kutetemeka. Joto likizidi nyuzi 30 wote wanahitaji kivuli tangu asubuhi; bata mwenye beseni hujipoza kwa kuingiza miguu, kuku hutegemea hewa inayopita na maji baridi ya kunywa. Kwenye baridi kali bata ana mafuta na malaika ya kutosha, wakati undu wa kuku huweza kuungua kwa barafu. Wa nyumbani wana paa.

Afya

Kuku na bata wenye afya njema kabisa huweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, kwenye kinyesi na manyoya. Nyumbani kuna sinki na sabuni. Kambini mtoto anambeba kuku, anajifuta kwenye suruali, anachukua mkate. Panga kituo cha kunawa mikono kabla ya kupanga kitu kingine chochote, weka ua wa ndege mbali na jiko na meza, na vyombo vyao visioshwe kwenye beseni la vyombo vya watu. Ndege wasiingie mnapolala watu. Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee sana au mtu mwenye kinga dhaifu, kigezo hiki peke yake kinatosha kuwaacha nyumbani.

Mapafu ya ndege hayavumilii moshi kama yetu, kwa hiyo kizimba kiwe upande upepo unakotoka. Na kikaango kisichogandisha kikisahaulika juu ya moto mkali, utando wake hutoa mvuke unaoweza kuua ndege walio karibu kwa muda mfupi, hasa kwenye gari la kulala au hema lililofungwa. Pikieni sufuria ya chuma.

Watoto watawagawia chakula chao, hilo halizuiliki, ila wajue visivyoliwa: parachichi, chokoleti, maharage makavu yasiyopikwa, na vitafunwa vya chumvi. Mkate mwingi haumfai bata. Kuku awe amechanjwa kideri kabla ya safari, na wote wakaguliwe utitiri na chawa chini ya mabawa na kuzunguka mkundu, wakati wa kwenda na wa kurudi. Wakirudi, watengwe na wenzao wiki mbili au zaidi, hasa kama walikuwa karibu na ndege wengine. Bata ana hatari zaidi hapo kwa sababu ya maji. Kuku ana hatari akikutana na kuku wa kambi au wa vijiji vya jirani. Wanaobaki hawana karantini, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye banda lenye ndege wengi.

Pamoja na watoto

Kuku aliyelelewa mikononi hukaa mapajani, na kwa mtoto mdogo hilo ndilo analolitaka. Orpington, Cochin na Silkie wana sifa hiyo zaidi. Bata wengi hawapendi kushikwa hata wakikupenda. Mapenzi yao ni ya kufuatana. Mtoto wa miaka minane anayetembea na bata watatu nyuma yake ana furaha ambayo kuku hawezi kumpa, lakini mdogo wake anayetaka kukumbatia atajeruhi mguu wa bata au atakwaruzwa. Waliobaki nyumbani hutumwa picha na mwangalizi kila jioni, na watoto wengi hutosheka siku ya pili wakishapata marafiki kambini.

Kama mnafikiria kuwachukua kuku na bata kwa pamoja: mchana inawezekana ndani ya ua mkubwa, usiku vizimba viwili. Bata hulowesha matandiko, na unyevu humdhuru kuku. Bata dume asiwepo, kwa kuwa akimpanda mtetea huweza kumuumiza vibaya.

Uamuzi kwa hali yenu

Mnalala kwenye kambi yenye watu wengi, bomba liko mbali, na watoto ni wa rika la kubeba vitu: kuku wawili watulivu, bila jogoo, na ua wenye kifuniko. Mtu mmoja awe zamu mchana, usiku mtalala.

Mmepata eneo la peke yenu, maji ni ya kutosha, mawingu yanatishia, watoto wameshapita umri wa kukumbatia: bata watafurahi kuliko ninyi. Kama usingizi wa mtu yeyote hemani ni mwepesi, chukueni Muscovy au madume matupu.

Safari ni ya kuhamahama, kila usiku kambi mpya: waacheni. Ndege huhitaji siku nzima kuzoea mahali, na hamtawapa siku hiyo. Vilevile mkienda kupanda milima au kushinda majini, maana hakuna wa kubaki na kizimba. Vilevile kukiwa na taarifa ya mafua ya ndege mnakoelekea.

Mna kuku na bata, na mwangalizi mliyempata ni mtu wa kupita mara moja kwa siku: huenda jibu likawa kuondoka na bata na kumwachia kuku, ingawa wengi hufanya kinyume. Kuku wataingia bandani wenyewe na maji yao hayachafuki haraka. Jioni ya kufunga mlango tu ndiyo muipange vizuri.

Na kama bado mnasuasua, walazeni ndege kwenye kizimba cha safari uani kwenu usiku mmoja, na familia ilale hemani hatua kumi kutoka hapo. Tumieni maji ya kwenye madumu tu, yaliyopimwa. Asubuhi angalieni yamebaki kiasi gani, matandiko yamelowa vipi, nani aliamshwa na nani, na kama ndege wamekula na kinyesi chao ni cha kawaida. Kuku aliyegoma kula mpaka saa nne asubuhi, au bata aliyeita usiku kucha, hayuko tayari msimu huu.